Paul Gauguin: Dalali wa Hisa Aliyegeuka Mchoraji

Aghalabu mwanafunzi anayesomea lugha au sanaa katika vyuo vyetu hukumbana na swali moja kutoka kwa wazazi na jamaa zake: masomo hayo yatamlisha vipi? Swali hilo si geni, wala si la Kenya peke yake. Lilimkabili pia Mfaransa mmoja ambaye, katika mwaka wa 1883, alikuwa na mke, watoto wanne na wa tano yu njiani, nyumba yenye bustani jijini Paris, na kazi ambayo wengi waliitamani. Aliiacha kazi hiyo akawa mchoraji. Makala haya yananuia kuyasimulia maisha ya mtu huyo, Paul Gauguin, ambaye leo picha zake zimetundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ulimwenguni. Sikusudii kumpamba kwa sifa. Kuna mengi katika maisha yake ambayo hayapambiki, na msomaji atajionea mwenyewe.

Gauguin alizaliwa jijini Paris tarehe 7 Juni 1848, mwaka ambao Ufaransa ilikuwa imo katika msukosuko wa mapinduzi. Babake, Clovis Gauguin, alikuwa mwanahabari. Mamake, Aline Chazal, alikuwa binti wa Flora Tristan, mwandishi aliyejitolea mhanga kutetea haki za wanawake na za wafanyakazi na ambaye baba yake alitoka katika ukoo wa kikwasi nchini Peru. Naomba msomaji alikumbuke jina la bibi huyo, kwa kuwa tutalirejelea.

Hali ya kisiasa ilipomwendea mrama Clovis, aliichukua familia yake mwaka wa 1849 wakang'oa nanga kuelekea Peru. Hakufika. Alifariki njiani, karibu na ncha ya kusini ya bara la Amerika, akamwacha mjane na watoto wawili, Marie na Paul, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka miwili. Aline aliendelea na safari hadi Lima, akapokewa na mzee wa ukoo wao, Don Pío Tristán. Kwa takriban miaka mitano Paul alilelewa katika nyumba ya kitajiri yenye watumishi wengi, akizungumza Kihispania, akizungukwa na vyungu na sanamu za kale za Peru ambazo mamake alizipenda. Waliporejea Ufaransa na kuishi Orléans, mtoto huyo alijikuta mgeni katika nchi aliyozaliwa, hata Kifaransa akakianza upya. Baadaye maishani alipenda kujigamba kuwa ana damu ya Wahindi wa Peru. Madai hayo yalikuwa na chumvi nyingi, lakini yanatudokezea alivyojiona: mtu wa kwingine.

Alipokuwa na umri wa miaka 17 aliingia baharini akiwa mwanagenzi katika meli za biashara, akafika hadi Rio de Janeiro. Mamake alifariki mwaka wa 1867 Paul akiwa safarini, na habari hizo zilimfikia baada ya miezi kadhaa. Mwaka uliofuata alijiunga na jeshi la wanamaji, akalitumikia hadi vita baina ya Ufaransa na Prussia vilipokwisha mnamo 1871.

Kabla ya kufa, Aline alikuwa amemteua mtu wa kuwaangalia wanawe. Huyu aliitwa Gustave Arosa, mwekezaji tajiri aliyekuwa na mkusanyiko mkubwa wa picha za wachoraji wa wakati ule. Arosa ndiye aliyemtafutia Paul kazi katika afisi ya dalali wa hisa aliyeitwa Paul Bertin, katika Soko la Hisa la Paris. Kijana aliyetoka baharini hana elimu ya fedha alionyesha kipawa cha ajabu. Mwaka wa 1873 alimwoa Mette Sophie Gad, banati kutoka Denmaki, na kufikia 1883 walikuwa wamejaliwa watoto watano: Émile, Aline, Clovis, Jean René na Pola. Mnamo 1879 inakadiriwa kwamba Gauguin alipata faranga 30,000 kwa mwaka kutokana na udalali wa hisa, na kiasi kinachokaribia hicho kutokana na kununua na kuuza picha. Kwa kifupi, alikuwa mkwasi.

Hapa ndipo yafaa tutue kidogo, kwa sababu hapa ndipo ngano inapochanganyikana na ukweli. Wengi tumeijua hadithi ya Gauguin kupitia riwaya ya W. Somerset Maugham, The Moon and Sixpence, iliyochapishwa mwaka wa 1919. Katika riwaya hiyo, dalali wa hisa wa London anaamka siku moja na kuiacha familia yake ghafla, bila mtu yeyote kujua kwamba alikuwa na hamu ya kuchora. Riwaya hiyo ilitokana na maisha ya Gauguin, lakini Gauguin mwenyewe hakuondoka kwa ghafla namna hiyo. Alianza kuchora karibu na wakati alipooa. Alichora siku za Jumapili na jioni baada ya kazi, pamoja na mwenzake wa afisini, Émile Schuffenecker. Mwaka wa 1876 picha yake moja ya mandhari ilikubaliwa katika maonyesho rasmi ya Salon. Kupitia kwa Arosa alimfahamu Camille Pissarro, ambaye alimchukua kama mwanafunzi wake na kumwingiza katika kundi la wachoraji waliokuja kuitwa Waimpreshonisti. Alishiriki katika maonyesho yao kuanzia 1879. Fedha alizochuma sokoni alizitumia kununua kazi za Pissarro, Cézanne, Manet na Renoir. Mtu huyu alikuwa na takriban miaka 10 ya uanagenzi kabla ya kuacha kazi.

Swali la pili ni gumu zaidi. Je, aliacha kazi kwa hiari au alimwaga unga? Mnamo Januari 1882 benki ya Union Générale iliporomoka, na Soko la Hisa la Paris likaporomoka nayo. Madalali wengi waliathirika, biashara ikadorora kwa miaka kadhaa. Gauguin aliondoka sokoni mwaka wa 1883. Yeye alipenda kulisimulia tukio hilo kama uamuzi wa kishujaa: kuanzia siku hiyo angechora kila siku. Kwa maoni yangu, ukweli umo katikati. Kazi ilikuwa imekwisha kulegalega, naye akaupata mwanya wa kufanya alilolitamani. Haidhuru. Wapo madalali wengi waliopoteza kazi mwaka ule wakatafuta kazi nyingine. Gauguin, akiwa na umri wa miaka 35, hakutafuta. Aliamini kwamba ujuzi wake wa biashara ungemwezesha kuziuza picha zake haraka, na hapo ndipo hesabu zake zilipokosea vibaya.

Mette hakuolewa na mchoraji. Jambo hili husahauliwa na wanaomshutumu kwamba hakumwelewa mumewe. Aliolewa na mtu wa fedha, akajifungua watoto watano katika muda wa miaka 10, kisha akaambiwa kwamba mshahara umekatika. Mapema mwaka wa 1884 walihamia Rouen, ambako maisha yalikuwa nafuu na ambako Gauguin alitarajia matajiri wangenunua picha. Hawakununua. Kabla ya mwaka kwisha Mette alikuwa amerudi kwao Copenhagen na watoto, naye Gauguin akamfuata baada ya kupata uwakilishi wa kampuni moja ya Ufaransa iliyotengeneza maturubai. Msomaji hebu afikirie: mtu asiyejua Kidenmaki anatumwa kuwauzia Wadenmaki maturubai! Mauzo hayakuwapo. Mette ndiye aliyeilisha familia kwa kuwafundisha Kifaransa vijana waliojiandaa kwa kazi za ubalozi na, baadaye, kwa kutafsiri vitabu vya Kifaransa. Wanafunzi walipofika nyumbani kwa masomo, mwenye nyumba aliondoka sebuleni akaenda kuchora darini. Jamaa za mke walimwona kuwa mzigo. Mnamo Juni 1885 alirejea Paris akiwa na Clovis pekee, mtoto wa miaka sita.

Majira ya baridi yaliyofuata huenda yakawa ndiyo mabaya kuliko yote katika simulizi hii. Clovis aliugua ndui. Baba mtu, aliyekuwa akishika maelfu ya faranga, alifanya kazi ya kubandika matangazo ukutani kwa ujira wa kijungujiko. Dada yake Marie ndiye aliyesaidia kumpeleka mtoto katika shule ya bweni. Ni vigumu kuyasoma haya bila kumhurumia Gauguin. Ni vigumu vilevile kuyasoma bila kujiuliza kwa nini mtoto yule alitolewa kwa mamake.

Kuanzia 1886 Gauguin alitafuta mahali pa kuishi kwa gharama ndogo, akaupata mji mdogo wa Pont-Aven katika jimbo la Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Huko palikuwa na nyumba ya wageni ya Marie-Jeanne Gloanec, mama mwenye moyo wa imani aliyewakopesha wachoraji chakula na malazi. Mwaka wa 1887 alisafiri na mchoraji Charles Laval hadi Panama, ambako mfereji ulikuwa ukichimbwa, kisha wakaenda kisiwa cha Martinique. Alirudi akiwa mgonjwa wa malaria na tumbo la kuhara, lakini akiwa na picha zenye rangi kali ambazo Waimpreshonisti hawakuwa wamezichora.

Mwaka wa 1888 ndipo Gauguin alipoacha kuwa mwanafunzi wa wengine. Akiwa Pont-Aven pamoja na kijana Émile Bernard, alichora picha inayojulikana kama Maono Baada ya Mahubiri. Wanawake wa Bretagne waliovaa kofia nyeupe wametoka kanisani, na mbele yao wanamwona Yakobo akipigana mweleka na malaika. Ardhi yote ni nyekundu. Hakuna kivuli, hakuna umbali wa kawaida. Rangi zimetandazwa bapabapa na kuzungushiwa mistari mizito. Kwa nini ardhi iwe nyekundu? Kwa sababu haya ni maono ya watu wanaosali, wala si shamba linalotazamwa na mpita njia. Waimpreshonisti walijifunga kibwebwe kulichora kile jicho linachokiona kwa dakika moja. Gauguin alidai kwamba mchoraji ana haki ya kuchora kinachoonwa na moyo. Wanafunzi wa fasihi wataitambua tofauti hiyo mara moja, kwani ni ile iliyopo kati ya mwandishi anayeieleza hali kama ilivyo na yule anayetumia ishara. Gauguin aliitoa picha hiyo kama sadaka kwa kanisa la kijiji cha Nizon. Padri aliikataa.

Vuli ya mwaka huohuo alimpa somo mchoraji mchanga aitwaye Paul Sérusier katika msitu uliokuwa karibu na mji. Alimshauri kwamba, ikiwa miti anaiona ya manjano, basi aipake manjano safi kuliko zote alizo nazo, na kivuli kikielekea ubuluu akipake buluu bila kusita. Sérusier aliuchora msitu huo kwenye kibao kidogo, akakipeleka Paris kuwaonyesha rafiki zake. Kibao hicho, kilichopewa jina la Talasimu, kiliwafungulia njia wachoraji kadhaa waliojiita Wanabi.

Kisa cha Vincent van Gogh kinajulikana mno hata sioni haja ya kukirefusha. Theo van Gogh, ndugu yake Vincent na mwuza picha, aliahidi kumpa Gauguin faranga 150 kila mwezi, naye kwa upande wake akaishi na Vincent mjini Arles. Alifika tarehe 23 Oktoba 1888. Kwa takriban wiki tisa walichora pamoja, wakabishana, wakachoshana. Usiku wa tarehe 23 Desemba Vincent alijikata sikio. Gauguin aliondoka na hawakuonana tena ana kwa ana, ingawa waliendelea kuandikiana.

Umaskini haukumwacha. Akaanza kuota nchi za mbali ambako, kama alivyofikiri, mtu anaweza kula na kuchora bila fedha. Mnamo Februari 1891 aliuza kwa mnada picha 30 katika jumba la Hôtel Drouot, akapata karibu faranga 10,000. Alikwenda Copenhagen kuwaaga Mette na watoto. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba hawangeonana tena. Tarehe 1 Aprili 1891 aliabiri meli kutoka Marseille akiwa na barua ya serikali iliyomtambua kuwa mchoraji aliyetumwa kikazi, japo bila mshahara. Mwezi Juni alifika Papeete, mji mkuu wa Tahiti.

Tahiti aliyoiota haikuwapo. Ilikuwa koloni la Ufaransa tangu 1880, na kabla ya hapo wamishonari walikuwa wameishi huko kwa karibu karne moja. Watu walivaa magauni marefu na kwenda kanisani. Mfalme wa mwisho, Pomare V, alifariki siku chache tu baada ya Gauguin kuwasili. Miungu ya kale, ambayo alitarajia kuisikia kutoka vinywani mwa wazee, ilikuwa imesahaulika kwa kiasi kikubwa. Alifanya nini? Alizinakili hekaya kutoka katika kitabu ambacho Jacques-Antoine Moerenhout alikichapisha mwaka wa 1837, kisha akawaeleza wasomaji wake wa Paris kwamba alisimuliwa na msichana aliyeishi naye. Sisi tunaofundishwa kukusanya fasihi simulizi nyanjani tuna jina kali la tendo hilo. Hata Kitahiti alichokitumia katika anwani za picha zake kilikuwa na makosa mengi, kwa sababu aliandika alivyosikia na wala hakusikia vyema.

Msichana huyo aliitwa Teha'amana. Alikuwa na umri wa takriban miaka 13, naye Gauguin alikuwa na miaka 43 au zaidi. Katika safari yake ya pili, na baadaye katika visiwa vya Marquesas, aliishi tena na wasichana wadogo na kuwazalisha. Wapo watetezi wake wanaosema kwamba tusiwahukumu watu wa kale kwa sheria za leo. Hoja hiyo ina upungufu, kwani hata katika Ufaransa ya wakati ule mtu wa tabaka lake hangeliweza kumchukua binti wa jirani yake kwa urahisi namna ile. Aliweza Tahiti kwa sababu alikuwa mzungu katika koloni. Mjukuu wa Flora Tristan, aliyetumia maisha yake kupinga utumwa wa wanawake! Maonyesho ya picha zake yaliyoandaliwa na National Gallery jijini London mwaka wa 2019 yaliwataka watazamaji walitafakari suala hili waziwazi, na mjadala huo haujaisha.

Hata hivyo, picha zilikuja. Katika miaka miwili alichora nyingi ambazo leo ndizo zinazomtambulisha: wanawake wawili wameketi ufuoni, maua meupe nyuma ya sikio, mchanga wa waridi, mbwa wa rangi ya chungwa. Mojawapo inaitwa Nafea Faa Ipoipo, yaani Utaolewa Lini?, ya mwaka wa 1892. Mwaka uliofuata fedha zilimwishia na akarudishwa Ufaransa kwa gharama ya serikali, akashuka Marseille akiwa na faranga 4 mfukoni. Mfanyabiashara Paul Durand-Ruel alimwandalia maonyesho mnamo Novemba 1893. Utaolewa Lini? ilitundikwa kwa bei ya faranga 1,500 na hakuna aliyeinunua. Mwaka wa 2014 picha hiyohiyo iliuzwa kwa bei ambayo magazeti yalitangaza kuwa dola milioni 300, hadi kesi iliyosikizwa London ilipofichua kwamba ilikuwa dola milioni 210.

Katika kipindi hicho amu yake wa Orléans alifariki akamwachia urithi wa takriban faranga 13,000. Mette aliposikia, aliomba fungu kwa ajili ya watoto. Alipelekewa kiasi kidogo tu. Gauguin alikodi nyumba, akaipaka kuta zake rangi ya manjano, akafanya karamu. Mwaka wa 1894, katika ugomvi na mabaharia wa Concarneau, alivunjwa mguu karibu na kifundo, na kidonda hicho kilimtesa hadi kaburini. Mwaka wa 1895 aliondoka Ufaransa kwa mara ya mwisho.

Mnamo Aprili 1897 alipokea barua fupi kutoka kwa Mette. Binti yao Aline, aliyempenda kuliko watoto wake wote na aliyebeba jina la mamake, alikuwa amefariki Januari kwa nimonia akiwa na miaka 19. Gauguin alijibu kwa maneno makali ya lawama, kana kwamba Mette, aliyemuuguza, ndiye mwenye kosa. Baada ya hapo mume na mke hawakuandikiana tena. Mwaka huo afya yake ilizorota, madeni yakamzidi, akakata tamaa ya maisha. Kabla ya kutenda alilokusudia alitaka kuacha kazi moja kubwa. Kwenye gunia lenye upana wa karibu mita nne alichora Tunatoka Wapi? Sisi ni Nani? Tunaenda Wapi? Upande wa kulia amelala mtoto mchanga, katikati kijana anachuma tunda, na kushoto kabisa ameinama mwanamke mzee anayesubiri kufa. Picha hiyo imo katika jumba la sanaa la Boston, nchini Marekani. Alisimulia kwamba baada ya kuimaliza alipanda mlimani akala sumu, lakini aliitapika, akarudi nyumbani akiwa hai. Ushahidi tulio nao ni neno lake tu, na tumekwisha kuona kwamba neno la Gauguin lahitaji kupimwa.

Mwaka uliofuata likatokea jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, ilhali mimi naona lina uzito wa pekee. Mtu aliyeikimbia afisi miaka 15 nyuma aliomba kazi afisini. Aliajiriwa katika Idara ya Ujenzi mjini Papeete, akawa karani na mchora ramani kwa faranga 6 kwa siku. Kwa miezi kadhaa hakuchora picha yoyote ya maana. Aliyemtoa katika hali hiyo ni mwuza picha Ambroise Vollard, ambaye mwaka wa 1900 alifunga naye mkataba wa kumpa faranga 300 kila mwezi, na kununua angalau picha 25 kwa mwaka kwa faranga 200 kila moja. Naam, tangu aache hisa, huo ndio mshahara wake wa kwanza wa uhakika uliotokana na brashi. Alikuwa na miaka 51.

Mwaka huohuo Clovis, yule mtoto wa ndui, alifariki Copenhagen kufuatia upasuaji. Inaaminika kwamba babake hakuwahi kupata habari.

Alihamia kisiwa cha Hiva Oa mnamo 1901, katika kijiji cha Atuona. Shamba alilolitaka lilikuwa mali ya misheni ya Kikatoliki, kwa hivyo alihudhuria misa kwa bidii hadi alipouziwa, kisha hakuonekana tena kanisani. Aliijenga nyumba yake na kuichongea mlangoni jina la Nyumba ya Anasa, halafu akachonga sanamu ya kumdhihaki askofu. Lakini yapo mengine ya kumtaja kwa haki. Aliwahimiza wenyeji wakatae kodi walizozidishiwa na akawaandikia wakubwa malalamiko dhidi ya askari waliowanyanyasa. Mnamo Machi 1903 alishtakiwa kwa kumkashifu askari mmoja, akahukumiwa kifungo cha miezi mitatu na faini ya faranga 500. Akakata rufaa.

Rufaa hiyo haikusikizwa akiwa hai. Asubuhi ya tarehe 8 Mei 1903 mchungaji wa Kiprotestanti, Paul Vernier, aliitwa kumjulia hali. Walizungumza kidogo kuhusu vitabu, mchungaji akaenda zake. Kabla ya adhuhuri jirani yake Tioka alimkuta amekata roho kitandani. Alikuwa hajatimiza miaka 55. Wakatoliki aliowadhihaki walimzika katika makaburi yao juu ya kilima.

Mali yake ilipelekwa Papeete kuuzwa kwa mnada ili kulipa madeni. Miongoni mwa wanunuzi alikuwamo daktari kijana wa jeshi la wanamaji, Victor Segalen, aliyefika visiwani humo miezi michache baadaye na kuikuta nyumba haina mwenyewe. Alinunua kibao cha kuchanganyia rangi, mbao zilizochongwa za mlangoni, na picha kadhaa. Mojawapo ilikuwa ya kijiji cha Bretagne kilichofunikwa na theluji. Inasimuliwa kwamba mnadi aliishika juu chini na kuitangaza kuwa ni maporomoko ya maji ya Niagara. Watu walicheka, na Segalen akaichukua kwa faranga 7.